Okidi za Kitulo: Je, kisicho na mwenyewe hakina haki?

KATIKA Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, baina ya safu za milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone, pana uwanda ulioinuka kiasi cha mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Uwanda huo ni Kitulo. Hausifiki kwa tembo wala simba, na katika miezi ya Juni na Julai baridi yake huwa kali hata sakitu ikatanda juu ya majani alfajiri. Lakini mvua zinapoanza kunyesha mwishoni mwa Novemba, na kuendelea mpaka Aprili, nyasi zile zilizokuwa kavu hujaa maua ya kila rangi: meupe, ya manjano, ya zambarau, mekundu na ya waridi. Wenyeji wameuita uwanda huo Bustani ya Mungu. Wanasayansi nao, kwa kuulinganisha na mbuga mashuhuri ya wanyama, wakauita Serengeti ya Maua.

Hifadhi ya Taifa Kitulo inatajwa kuwa na aina takriban 350 za mimea, na miongoni mwake okidi za ardhini peke yake ni aina 45. Ipo mimea katika milima hii ambayo haioti mahali pengine popote duniani. Kwa sababu hiyo Serikali iliutangaza uwanda huu kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ukiwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo 413, nao ukawa wa kwanza katika Afrika ya kitropiki kuhifadhiwa hasa kwa ajili ya mimea yake badala ya wanyama.

Pamoja na heshima hiyo, okidi za Kitulo na za milima inayoizunguka zimo hatarini. Kwa miongo kadhaa zimekuwa zikichimbwa kwa wingi mno, na kinachotafutwa si ua bali kiazi kilichojificha chini yake. Wengi wetu tukaao mijini hatuna habari. Na wenye habari aghalabu husema: hilo ni jani la porini, halikupandwa na mtu, halina mwenyewe, aliyefika kwanza ndiye mwenye haki nalo. Kauli hiyo si ya kijinga. Ina mizizi katika fiqhi yetu, na ndiyo sababu inastahiki kujibiwa kwa fiqhi.

UHAI ULIO NDANI YA KIAZI

Kabla ya kuingia katika hukumu, yafaa tulijue ua lenyewe, kwani mtu hawezi kutoa hukumu juu ya jambo asilolifahamu.

Okidi ya ardhini huishi kwa kiazi. Chini ya ardhi kila mmea huwa na viazi viwili vilivyokaa pamoja. Kimoja ni cha zamani, ambacho kimekwisha kuanza kunyauka kwa kulilisha shina na ua la msimu huu. Cha pili ni kipya, kinachojaa taratibu ili kuuchipusha mmea msimu ujao. Inapofika kiangazi na baridi, majani yote hunyauka, na uhai wote wa mmea hubaki umehifadhika katika kiazi hicho kipya. Sasa mchimbaji anataka kiazi gani? Anataka hicho hicho kipya, kilicho kigumu na kilichojaa, kwa kuwa cha zamani hakina kitu tena. Kwa hiyo anayechimba okidi hafanani na mchuma maembe, ambaye huliacha shina limesimama. Huyu ameuondoa mmea mzima.

Mtu atauliza: kwani mbegu hazipo? Zipo, tena nyingi mno. Tunda moja la okidi huweza kubeba maelfu kwa maelfu ya mbegu. Lakini mbegu hizo ni ndogo kama vumbi, na Muumba hakuzijaalia akiba ya chakula ndani yake. Punje ya mahindi hubeba chakula chake cha siku za kwanza. Ukiifukia katika udongo wenye unyevu itaota. Mbegu ya okidi haiwezi. Ni lazima idondoke mahali penye fangasi wa udongoni wa namna inayoafikiana nayo, na fangasi hao ndio wanaoinyonyesha mpaka ipate majani ya kujitafutia riziki. Ikiwakosa, hufa. Na hata ikiwapata, hupita miaka kadhaa kabla mmea haujatoa ua lake la kwanza.

Hapo ndipo tofauti ya okidi na mhogo inapodhihiri. Mkulima wa mihogo anapong'oa leo, huchukua kipande cha shina akakichomeka kesho. Mchimbaji wa okidi hana cha kuchomeka. Akichimba bonde zima kwa misimu miwili mitatu mfululizo, pale pakuwa na mimea ya kutosha kuzalisha mbegu panabaki nyasi tupu, na hakuna jembe litakaloirudisha.

KUTOKA MLIMANI HADI SUFURIANI

Nchini Zambia, hasa kwa Wabemba wa upande wa kaskazini, kuna chakula cha asili kiitwacho chikanda. Viazi vya okidi hukaushwa na kutwangwa kuwa unga, ukachanganywa na unga wa karanga, pilipili, chumvi na magadi, kisha hupikwa mpaka mchanganyiko ushikamane na kuwa mgumu. Ukipoa hukatwa vipande na kuliwa kwa ugali au kama kitafunio. Chakula hicho hakina nyama wala kilevi. Kwa asili yake ni halali, na ni chakula cha heshima kwa wenyewe. Haifai tukakidharau chakula cha jirani zetu kwa kuwa si chetu.

Zamani chikanda kilikuwa chakula cha vijijini, kikipikwa kwa msimu na kwa kiasi cha nyumba. Miji ilipopanuka, kikaingia masokoni mwa Lusaka na miji ya migodi ya shaba, kikawa biashara. Okidi za Zambia yenyewe zikapungua. Wanunuzi wakaanza kuvuka mpaka wa Nakonde na Tunduma kutafuta viazi katika milima ya Tanzania, na vijiji ambavyo havikuwa vikila chikanda wala kukijua vikajikuta vinachimba okidi kwa ajili ya soko la nchi nyingine.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba kila mwaka viazi baina ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikitoka Nyanda za Juu Kusini kwenda Zambia, na kwamba hadi aina 85 za okidi zilikuwa zimewekwa hatarini na biashara hiyo. Nyingi ni za jamii tatu ambazo wataalamu huziita Disa, Satyrium na Habenaria. Tukumbuke yaliyotangulia: kila kiazi ni mmea mmoja. Gunia linalopakiwa juu ya lori si mavuno ya shamba, ni shamba lenyewe.

Kuna uzito mwingine. Kiazi kikisha kung'olewa na kukauka, hakuna ajuaye kimetoka katika ua gani. Huenda ni okidi iliyo nyingi, huenda ni ya aina iliyobaki katika bonde moja tu. Mchimbaji aliliona ua. Lakini mchuuzi, msafirishaji na mpishi hawaoni ila kiazi. Watafiti wenyewe wamelazimika kupima vinasaba vya viazi na vya chikanda kilichokwisha kupikwa ili wajue ni okidi gani zimeliwa, na humo wamekuta aina ambazo hawakuzitarajia.

Wala tusidhani kwamba haya ni ya Wabemba peke yao. Msomaji aliyefika Uturuki, Sham au Misri wakati wa baridi huenda ameonja sahlabu, kinywaji cha moto cha maziwa kinachonyunyiziwa mdalasini. Asili ya sahlabu ni unga wa viazi vya okidi za milimani, na kilo moja ya unga huo huhitaji viazi elfu moja au zaidi. Huko nako okidi zimepungua kwa sababu ile ile, hata Uturuki ikapiga marufuku kuuza unga huo nje ya nchi, na sahlabu nyingi za madukani siku hizi hutengenezwa kwa wanga wa mahindi. Waislamu wa nchi za kale wamekwisha kuipita njia ambayo milima yetu inaipita sasa.

Kwa upande wa sheria za nchi, jambo liko wazi. Kung'oa mmea ndani ya hifadhi ya taifa ni kosa. Na okidi zote zimo katika mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe pori vilivyo hatarini, ujulikanao kama CITES, kwa hiyo kuzivusha mpakani bila kibali ni kosa vilevile.

JEMBE, MOTO NA JOTO

Uchimbaji si hatari pekee. Nje ya mipaka ya hifadhi, nyanda za majani zimekuwa zikigeuzwa mashamba ya viazi mviringo na pareto, na penginepo kupandwa misindano na mikaratusi. Ukulima na upandaji miti ni kazi njema, na watu wa Makete na Mbeya wanaishi kwa hizo. Lakini okidi za uwandani zinahitaji jua na nyasi fupi; msitu wa misindano ukisha kufunga kivuli, haziwezi kuishi chini yake. Watu wengi huona kwamba ardhi yenye nyasi tupu ni ardhi iliyolala, na kwamba kuipanda miti yoyote ni kuifanyia hisani. Kwa uwanda kama Kitulo, sivyo. Nyasi zile ndizo makazi yenyewe.

Upo pia moto. Moto unaopita kwa nadra na kwa wakati wake si geni kwa nyanda hizi, lakini moto unaowashwa ovyo mwaka hadi mwaka, au mimea inapokuwa imechipua, huunguza maua kabla hayajatoa mbegu. Na lipo joto la dunia, ambalo mwanakijiji hakulisababisha. Mimea ya nchi za chini joto linapozidi inaweza, kizazi kwa kizazi, kusogea juu mlimani. Mimea ya Kitulo tayari iko juu. Kilele cha Mtorwi, kimojawapo cha vilele virefu kabisa katika Nyanda za Juu Kusini, kina mita 2,961, yaani hakijazidi uwanda kwa hata mita 400. Juu ya hapo hakuna ardhi tena.

Mwenye kuona kuwa maua si jambo la kumshughulisha na atazame maji. Mito inayoanzia katika milima hii hushuka mpaka bonde la Usangu, huko Mbarali unakolimwa mpunga, ikaingia Ruaha Mkuu na kufika mabwawa ya Mtera na Kidatu yanayotupatia umeme. Maji mengine huteremkia Ziwa Nyasa. Nyasi na udongo wa mlimani hunyonya mvua na kuitoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Wali wa Idi katika nyumba nyingi za nchi hii, na taa inayowaka katika msikiti wa Dar es Salaam, vina uhusiano na uwanda ambao wenye kula na kuswali hapo hawajapata kuuona.

NI MUBAHA, LAKINI KWA MPAKA GANI?

Turudi katika ile kauli ya kwamba kisicho na mwenyewe ni cha aliyefika kwanza. Ni kweli kwamba fiqhi inavitambua vitu vya mubaha, yaani vilivyoruhusiwa kwa watu wote. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Jani liotalo lenyewe katika ardhi isiyomilikiwa ni la wote, na mwenye kulichuma kwa haja yake hana lawama.

Lakini tulitazame neno lenyewe: washirika. Mshirika ana fungu, hana yote. Na katika washirika hawa wamo watoto wa kijiji ambao hawajazaliwa. Tena kanuni mashuhuri ya sheria, ambayo wanafunzi wa fiqhi huihifadhi mapema, inakataza mtu kudhuru na kukataza kudhuriana. Ruhusa ya mubaha husimama pale inapoanza dhara kwa wengine. Kuchuma ni ruhusa. Kukikomesha kitu kisiwepo tena ni jambo jingine, kwa kuwa hapo mtu amewanyima washirika wenzake fungu lao milele.

Wapo watakaosema kwamba dini imehimiza kupanda miti ya matunda, ambayo mtu, ndege na mnyama akila mpandaji huandikiwa sadaka, lakini haikushughulika na majani ya porini. Hao na wakumbuke yaliyopita Makka.

MFANO WA IDHKHIRI

Siku ya ufunguzi wa Makka, katika mwaka wa 8 Hijria, Mtume (S.A.W.) alitangaza utukufu wa mji ule na makatazo yake. Miongoni mwake ni kwamba miti ya Haram isikatwe, wanyama wake wasiwindwe wala kusumbuliwa, na majani yake yaotayo yenyewe yasing'olewe. Kila aliyehiji au kuhudhuria darasa la Hija anayajua makatazo haya. Sheria hiyo haikuwekwa kwa ajili ya mtende wala mzabibu uliopandwa na mtu; iliwekwa kwa ajili ya mimea ya porini, pamoja na miba yake, katika bonde kame lisilo na rutuba.

Ami yake, Abbas (R.A.), akasimama akaomba mmea mmoja uvuliwe katika katazo: idhkhiri, jani lenye harufu nzuri. Akaeleza sababu. Wahunzi wanalihitaji katika kazi zao, na watu wanalitumia katika nyumba zao na katika makaburi yao. Mtume (S.A.W.) akakubali, akaivua idhkhiri.

Tukio hili ni fupi, lakini lina mafunzo matatu. Kwanza, mmea wa porini unaweza kuwa na hifadhi ya kisheria, na kuuhifadhi si bidaa iliyoletwa na watu wa mazingira wa zama hizi. Pili, hifadhi hiyo haikufumbia macho haja za watu. Aliyeomba alisikilizwa, na haja ya mhunzi na ya mfiwa ikazingatiwa. Tatu, ruhusa iliyotolewa ilikuwa na mpaka: mmea mmoja uliotajwa kwa jina, kwa matumizi yaliyotajwa. Katazo lililobaki halikufutwa.

Biashara ya viazi vya okidi imekosa yote matatu. Haina hifadhi inayoheshimiwa, haikuanzia katika haja ya wanaochimba, na haitaji mmea mmoja kwa jina bali inakusanya kila kiazi kinachojaa mkono.

MCHIMBAJI NAYE ANA HAKI

Hata hivyo, si uadilifu kumkemea mama wa kijijini anayepanda mlimani na watoto wake kuchimba, kisha tukaenda zetu. Huyo anatafuta ada, sabuni na chumvi. Bei ya viazi mviringo huanguka, barabara za mlimani huharibika kwa mvua, na mnunuzi wa okidi huja na fedha mkononi. Tena, kama ilivyo katika biashara nyingi za mazao ya porini, anayechimba ndiye apataye kidogo kuliko wote, na faida hukua kila mzigo unapobadilisha mikono kuelekea sokoni.

Hapa tuna mwongozo wa Khalifa Umar bin Khattab (R.A.). Zama za ujahili wakubwa wa makabila walikuwa wakijitengea malisho bora wakayaita hima. Uislamu uliikataza hima ya ubinafsi na kuibakisha ile ya maslaha ya umma. Mtume (S.A.W.) aliitenga ardhi ya Naqii karibu na Madina, na Umar akaitenga Rabadha. Alipomweka Hunayy kuwa msimamizi wa hima, alimuusia awaruhusu kuingia wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awazuie wanyama wa Abdurrahman bin Awf na Uthman bin Affan (R.A.). Sababu yake ilikuwa kwamba matajiri hao wakipoteza wanyama wanayo mashamba na mitende ya kurejea, lakini masikini akipoteza wake atakuja kwa Khalifa na watoto wake wakiwa hawana kitu.

Umar hakuifungua hima kwa kila mtu, wala hakuifunga kwa masikini akaishia hapo. Aliuliza nani ataumia zaidi, akamtanguliza huyo. Kwa kipimo hicho, lawama ya kwanza katika mambo ya okidi haimwangukii mchimbaji. Inamwangukia mwenye mtaji anayenunua kwa magunia, na mwenye gari anayesafirisha huku akijua. Na wajibu wa kwanza ni kumtafutia mchimbaji njia nyingine ya riziki kabla milima haijawa mitupu, kwa sababu ikisha kuwa mitupu atakosa okidi na fedha zake pia. Zambia imekwisha kutuonyesha hilo: soko halikuwasubiri wachimbaji wake, liliwaacha likavuka mpaka.

YALIYO MIKONONI MWETU

Yapo ya Serikali na yapo ya wataalamu, ambao wamekuwa wakijaribu kuziotesha okidi za kuliwa pamoja na fangasi wake ili zilimwe kama mazao mengine. Kazi hiyo ni ngumu kwa sababu tulizozieleza, na tuwaombee tawfiki. Lakini yapo pia yaliyo mikononi mwa Waislamu wa kawaida.

La kwanza ni la wafanyabiashara na wasafirishaji wetu katika njia ya Makambako, Mbeya na Tunduma. Muumini huuliza chakula chake ni halali, na Qur'ani Tukufu imeunganisha halali na kilicho chema. Basi na aulize pia mzigo wake umetoka wapi. Kubeba magunia ya viazi vya okidi visivyo na kibali ni kuwasaidia watu katika kosa, na ujira wake una shaka. Mwenye kuacha lenye shaka ameihifadhi dini yake.

La pili ni la misikiti ya Nyanda za Juu Kusini, pamoja na kamati zake. Khutba moja ya Ijumaa kwa mwaka, kabla ya mvua, ikizungumzia mimea ya milimani, moto na vyanzo vya maji, haitapunguza kitu katika dini bali itaongeza. Na zile fedha za sadaka na zaka tunazogawa kwa mujibu wa sheria zinaweza kumfikia mjane wa kijiji cha mlimani katika hali itakayomwezesha kusimama: mbegu bora za viazi mviringo, mizinga ya nyuki, au kondoo wawili. Uwanda wenye maua ni neema kwa nyuki. Mwenye mizinga ana sababu ya kutaka ua libaki pale lilipo, na asali yake ni katika vyakula vilivyosifiwa.

La tatu ni la madrasa. Watoto wetu wanahifadhi Surat Ar-Rahman wangali wadogo, nayo inataja ardhi iliyowekwa kwa ajili ya viumbe, na inataja mizani na kukatazwa kuipunguza. Mwalimu anaweza kuwaeleza kwamba mizani ile haikomei kwenye kilo ya mchele dukani. Wanafunzi walio Mbeya na Makete na wapelekwe uwandani mwezi wa Januari au Februari wakayaone maua kwa macho yao, bila kung'oa hata moja. Mtoto aliyeliona ua likiwa hai na kufundishwa kwamba nalo linamsabihi Muumba wake kwa namna tusiyoifahamu, huyo hatahitaji kufukuzwa na askari wa hifadhi akiwa mtu mzima.

La nne ni la nyumbani. Wapo wanaoona ua zuri mlimani wakalichimbua walipande uani. Okidi ya Kitulo ikihamishwa huachana na udongo na fangasi wake, na aghalabu hufa. Akina mama na akina baba tupambe nyumba zetu kwa maua ya bustanini, ambayo ni mengi na hayana gharama, tukayaacha ya mlimani mlimani.

Tulipewa ukhalifa juu ya ardhi hii, na khalifa ni mwenye kusimamia mali ya mwingine kwa niaba yake. Kwa maana hiyo ule msemo wa kwamba okidi haina mwenyewe si sahihi tangu mwanzo. Mwenyewe yupo, naye ndiye aliyeiotesha bila ya jembe la mtu. Kuichuma kwa kiasi alituruhusu, kuimaliza hakuturuhusu. Na tutakapoulizwa juu ya amana Siku ya Hesabu, haitafaa kujibu kwamba tulidhani ni majani tu.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuwafikishe katika kuilinda amana yake, awafungulie ndugu zetu wa milimani milango ya riziki iliyo halali na yenye kudumu, na azibakishe neema za Kitulo kwa ajili ya watakaokuja baada yetu. Wabillahi tawfiq.